Pakiti ya Kariakoo Inayopitia London: Kutafuta Chanzo cha Njia Ndefu za Intaneti na Kukirekebisha

Malalamiko huja karibu kwa maneno yaleyale: bando limeongezwa mara mbili, fiba imevutwa hadi mlangoni, kipimo cha kasi kinaonyesha namba za kuridhisha, lakini mfumo wa ofisi uliopo mtaa wa pili bado unafunguka kwa kusuasua. Mteja huhitimisha kwamba kifurushi hakitoshi, akanunua kikubwa zaidi, na hali ikabaki ilivyokuwa. Sababu ni kwamba amenunua upana wa njia ilhali tatizo lake ni urefu wa njia, na urefu haupungui kwa kulipia upana.

Mwongozo huu umeandikwa kwa ajili ya wasimamizi wa mitandao ya ofisi, vyuo na hospitali, pamoja na mafundi wa watoa huduma za intaneti katika Afrika Mashariki. Mifano mingi ni ya Dar es Salaam kwa kuwa ndiko ninakofanyia kazi, lakini msingi wake ni uleule Mombasa, Kampala, Kigali au Bujumbura.

Kipimo cha kwanza: milisekunde na kilomita

Nuru husafiri ndani ya fiba kwa takriban kilomita 200,000 kwa sekunde. Maana yake ni kwamba kila kilomita 100 za fiba zinakugharimu milisekunde 1 ya kwenda na kurudi, kabla hujahesabu muda unaopotea ndani ya ruta. Shika kanuni hiyo, kwa sababu hakuna maelezo ya mtoa huduma yanayoweza kuitangua. Kutoka Kariakoo hadi Posta ni kama kilomita 2, hivyo jibu linalochukua milisekunde 2 au 3 ni la kawaida. Kutoka Dar es Salaam hadi Mwanza, njia ya fiba ikifuata barabara, tarajia milisekunde 12 hadi 20. Kutoka pwani yetu hadi Ulaya kupitia Bahari ya Shamu, kebo ina urefu wa karibu kilomita 10,000, kwa hiyo jibu la kweli kutoka huko huchukua karibu milisekunde 100 au zaidi. Ukipata milisekunde 160 kutoka kwa seva ambayo una hakika ipo Posta, pakiti zako, yaani vipande vya data unavyotuma, zimevuka bahari na kurudi, hata kama hakuna aliyekuambia.

Anza kwa amri ya ping, inayopima muda wa jibu, kuelekea ruta ya ofisini kwako. Ikiwa hapo tu unapata milisekunde 40 zinazopandashuka, tatizo ni la Wi-Fi au nyaya za ndani, na huna haja ya kuendelea na mwongozo huu kabla ya kulitatua. Tumia kompyuta iliyounganishwa kwa waya. Kisha tumia tracert ukiwa na Windows, au traceroute kwenye mifumo mingine, uone ruta ambazo pakiti inapita. Mtr ni bora zaidi kwa sababu huendelea kupima na kukuonyesha wastani. Pima asubuhi na tena kati ya saa mbili na saa nne usiku, na uhifadhi matokeo yote pamoja na saa yalipochukuliwa, maana utayahitaji utakapomwandikia mtoa huduma.

Dalili: kipimo cha kasi ni kizuri, lakini tovuti ya hapa nchini ni nzito

Vipimo vya kasi huchagua seva iliyo karibu nawe, na mara nyingi seva hiyo imo ndani ya mtandao wa mtoa huduma wako mwenyewe. Kwa hiyo vinapima kipande cha njia ambacho hakina tatizo.

Chanzo cha kwanza cha kuchunguza ni mahali seva ilipo. Jina linaloishia na .co.tz au .go.ke linakuambia jina hilo limesajiliwa chini ya nchi gani, halikuambii kompyuta imewekwa wapi. Tovuti nyingi za kampuni za hapa zimepangishwa Ulaya au Marekani kwa sababu bei ya mwezi ilikuwa ndogo, na mnunuzi hakuelezwa gharama nyingine anayoilipa kwa muda wa wateja wake. Tafuta anwani ya IP ya tovuti, kisha angalia ni mtandao gani unaoitangaza, yaani unaoiambia mitandao mingine kwamba anwani hiyo inafikika kupitia kwake. Huduma ya RIPEstat hutoa taarifa hiyo bila malipo. Ikiwa seva ipo Frankfurt, njia haina kosa lolote, na dawa ni kuihamishia seva katika kituo cha data kilichopo nchini au katika nchi jirani.

Usidharau milisekunde hizo. Ukurasa wenye usalama wa https hauanzi kuonekana kabla ya safari kadhaa za kwenda na kurudi: moja ya kuulizia jina, moja ya kufungua muunganisho wa TCP, moja au mbili za kukubaliana funguo za usimbaji, na moja ya kuomba ukurasa wenyewe. Kwa milisekunde 180 kila safari, karibu sekunde nzima hupita mtumiaji akitazama ukurasa mweupe, na picha bado hazijaanza kuja. Faili kubwa nazo huumia. Programu ya zamani inayotumia dirisha la TCP (kiasi cha data kinachotumwa kabla ya kusubiri uthibitisho) la kilobaiti 64 haiwezi kupita megabiti 2.6 kwa sekunde njia ikiwa ya milisekunde 200, hata ukimpa fiba ya megabiti 1,000. Kwa milisekunde 5, programu ileile hupita megabiti 100. Mifumo mipya hupanua dirisha hilo, lakini pakiti zikipotea, kadiri njia ilivyo ndefu ndivyo kasi inavyochelewa kurudi.

Ikiwa seva ipo nchini na jibu bado linazidi milisekunde 100, endelea na dalili inayofuata.

Dalili: njia inaanzia Dar es Salaam, inakwenda Ulaya na kurudi Dar es Salaam

Matokeo ya traceroute huorodhesha ruta moja baada ya nyingine. Tafuta mahali ambapo muda unaruka ghafla, kwa mfano kutoka milisekunde 4 hadi 140, na ukabaki juu katika mistari yote inayofuata. Majina ya ruta husaidia: wahandisi wengi huweka ndani yake vifupisho vya miji au viwanja vya ndege, kama vile lhr au ldn kwa London, mrs kwa Marseille, fra kwa Frankfurt. Majina hayo wakati mwingine huwa yamepitwa na wakati, kwa hiyo yalinganishe na kanuni ya kilomita. Ruta inayojiita London na kujibu kwa milisekunde 9 haipo London.

Kosa moja huwapotosha wengi. Ruta ya katikati inaweza kuonyesha upotevu wa asilimia 60 huku mistari inayoifuata ikiwa safi. Ruta hiyo inapitisha pakiti vizuri, ila imewekewa kikomo cha majibu inayoyatoa kwa maswali kama yako. Upotevu wa kweli huendelea hadi mstari wa mwisho.

Kwa nini sasa pakiti iende Ulaya ili kumfikia jirani? Itifaki ya BGP, ambayo mitandao huitumia kuelezana njia, haijui kilomita wala milisekunde. Inajua ni mitandao mingapi ya kupita, na zaidi ya yote inatii upendeleo aliouweka mwenye ruta, ambao kwa kawaida hufuata mikataba na fedha. Ikiwa mtoa huduma A ananunua njia ya kimataifa kwa kampuni moja, na mtoa huduma B ananunua kwa kampuni nyingine, na A na B hawana muunganisho wowote kati yao, basi mahali pa kwanza ambapo mitandao hiyo inakutana ni pale kampuni zile mbili za nje zinapokutana: London, Marseille au Frankfurt. Pakiti ya Kariakoo inavuka Bahari ya Shamu, inaingia Ulaya, inakabidhiwa kwa kampuni ya pili, inarudi njia hiyohiyo ya bahari na kushukia Posta. A amelipa dola kuitoa, na B amelipa dola kuipokea.

Hali hii ilikuwa mbaya zaidi kabla ya mwaka 2009, wakati kebo za baharini za SEACOM na TEAMS, na EASSy mwaka uliofuata, bado hazijafika pwani ya Afrika Mashariki. Wakati huo njia ya nje ilikuwa setilaiti iliyo kilomita 36,000 juu ya ikweta, kwenda na kurudi kulichukua zaidi ya nusu sekunde, na barua pepe kati ya ofisi mbili za mji mmoja ilipanda setilaiti mara mbili. Hiyo ndiyo sababu watoa huduma wa Kenya walikubaliana kuunganisha mitandao yao katika chumba kimoja, wakazindua KIXP, kituo cha kubadilishana trafiki, Nairobi mwishoni mwa mwaka 2000. Wiki chache baadaye mdhibiti aliamuru kifungwe, kufuatia malalamiko ya kampuni ya simu iliyokuwa na ukiritimba wa njia za kimataifa, nacho kilifunguliwa tena mwaka 2002 baada ya kupata leseni. Dar es Salaam ilipata kituo chake, TIX, mwaka 2004, na baadaye Tanzania ikaanzisha vituo vingine mikoani, Arusha na Mwanza vikiwemo.

Kituo cha namna hii, kwa ufundi wake, si kitu kikubwa: ni swichi, umeme wa uhakika, ubaridi, na kebo moja kutoka kwa kila mwanachama. Thamani yake ni kwamba mwanachama mwenye kebo moja anaweza kubadilishana trafiki na wanachama wote wengine.

Dawa ya dalili hii, basi, ni A na B wote kuwa kituoni na kukubaliana kupokezana trafiki ya wateja wao bila kupitia mtu wa tatu. Angalia kwanza katika PeeringDB, daftari la umma ambamo mitandao huandika vituo ilivyomo, kama watoa huduma wote wawili wameorodheshwa. Ikiwa mmoja hayumo, tatizo ni la kibiashara na litatatuliwa kwa barua na mkataba. Ikiwa wote wamo, soma sehemu inayofuata kwa makini, kwa sababu hapo ndipo makosa mengi ya siku hizi yanapojificha.

Dalili: watoa huduma wote wapo kituoni, lakini pakiti bado zinakwenda nje

Nilikutana na kisa hiki katika taasisi moja yenye matawi mawili mjini, kila tawi likiwa na mtoa huduma wake. Watoa huduma wote walikuwa wanachama wa kituo kwa miaka mingi, kebo zilikuwa zinawaka taa, na kila mmoja alinihakikishia, kwa nia njema kabisa, kwamba trafiki inapita nchini. Ping ilisema milisekunde 170. Tulitumia siku mbili tukilaumiana kuhusu nyaya kabla mtu hajafungua jedwali la njia na kulisoma mstari kwa mstari.

Mtoa huduma wa tawi la pili alikuwa ametangaza kituoni kundi zima la anwani zake, /22, lenye anwani 1,024. Lakini kwa kampuni zake mbili za nje alikuwa ametangaza vipande vinne vya /24, vyenye anwani 256 kila kimoja, ili agawanye mzigo kati ya njia mbili za bahari. Ruta daima huchagua tangazo lililo mahususi zaidi, na kanuni hiyo hutangulia upendeleo wowote uliowekwa. Mtoa huduma wa tawi la kwanza aliyaona matangazo yote mawili, na ruta zake zikafuata /24 kupitia Ulaya, huku /22 ya kituoni ikibaki katika jedwali bila kutumika. Marekebisho yalikuwa mistari michache: kutangaza vipande vilevile vinne kituoni pia. Siku hiyohiyo jibu likashuka hadi milisekunde 2.

Nakieleza kisa hiki kwa urefu kwa sababu kinafundisha mahali pa kutazama. Usiulize tu kama muunganisho upo. Uliza ni matangazo yapi yanapita humo, na uyalinganishe moja kwa moja na yale yanayokwenda nje.

Vyanzo vingine vya dalili hii ni vichache. Huenda mteja mpya amepewa anwani ambazo hazikuongezwa katika orodha ya matangazo ya kituoni. Huenda seva ya njia ya kituo, ambayo husambaza matangazo kwa niaba ya wanachama, inayakataa matangazo hayo kwa sababu hayana kumbukumbu sahihi katika daftari la AFRINIC, shirika linalogawa anwani za IP barani Afrika, au cheti chake cha RPKI, kinachothibitisha ni mtandao upi unaruhusiwa kuzitangaza anwani, kinataja mtandao mwingine. Hapo kosa linatakiwa lirekebishwe katika kumbukumbu, si kwa kulegeza kichujio. Huenda mhandisi hakuwahi kuweka upendeleo, na ruta ikaona njia ya nje na njia ya kituoni kuwa sawa. Utaratibu unaofaa ni njia ya mteja kupewa upendeleo wa juu kabisa, njia ya kituoni ifuate, na njia ya kununuliwa iwe ya mwisho.

Dalili: traceroute haitoki nchini, lakini muda ni wa Ulaya

Traceroute huonyesha njia ya kwenda peke yake. Njia ya kurudi huchaguliwa na mtandao wa upande wa pili, na inaweza kuwa tofauti kabisa. Ukiona ruta zote ni za Dar es Salaam lakini mstari wa mwisho unasema milisekunde 165, jibu linarudi kwa mzunguko. Mwombe mtu wa upande wa pili afanye traceroute kuelekea kwako, au tumia vifaa vya kupimia vya RIPE Atlas vilivyowekwa katika mitandao mbalimbali. Mara nyingi utakuta upande wa pili haupokei matangazo ya mtoa huduma wako kituoni, na chanzo ni mojawapo ya yale yaliyotajwa hapo juu, ila sasa kiko kwa mwenzako.

Dalili: asubuhi ni sawa, usiku ni shida

Njia haijabadilika, imejaa. Linganisha traceroute ya asubuhi na ya usiku. Ruta zikiwa zilezile na muda ukipanda pamoja na upotevu wa pakiti, kuna kebo iliyofika kikomo. Inaweza kuwa kebo ya mtoa huduma kuelekea kituoni, ambayo ilinunuliwa ikiwa ya gigabiti 1 miaka mingi iliyopita na hakuna aliyeikumbuka. Dai aonyeshe grafu ya matumizi ya kebo hiyo.

Dalili: kebo ya baharini ikikatika, hata huduma za ndani zinakufa

Tarehe 12 Mei 2024, EASSy na SEACOM zilikatika kwa pamoja upande wa kusini mwa Afrika, na Tanzania ilikuwa miongoni mwa nchi zilizoathirika sana. Tukio la namna hiyo ni kipimo kikali cha mtandao wa nchi: kila kilichopo nchini kingepaswa kuendelea kufanya kazi, na kilichosimama kilikuwa kinategemea bahari mahali fulani.

Tegemeo la kwanza la kukaguliwa ni seva ya majina, ile inayotafsiri jina la tovuti kuwa anwani ya IP. Ofisi nyingi zimeelekeza kompyuta zao kwenye seva za majina zilizo nje ya nchi, na jina lisipotafsirika, seva iliyo chumba cha jirani haifikiki. Tumia seva za majina za mtoa huduma wako au weka yako mwenyewe. Nakala za seva za mzizi, ambako utafutaji wa jina lolote huanzia, zimewekwa Dar es Salaam na Nairobi kwa makusudi haya. Faida ya ziada ni kwamba kampuni za video na mitandao ya kijamii hutumia mahali ilipo seva yako ya majina kuamua zikuhudumie kutoka wapi, kwa hiyo seva ya mbali inaweza kukuletea video kutoka Ulaya wakati nakala yake ipo mjini kwako. Tegemeo la pili limo ndani ya kurasa zenyewe: mfumo wa hospitali uliopo nchini lakini unaochota maumbo ya herufi (fonti), vipande vya programu au uthibitisho wa nywila kutoka nje utaganda siku kebo inapokatika. Fungua ukurasa katika kivinjari, tazama orodha ya anwani zote unazoziita, na zile za lazima zihamishie kwenye seva yako.

Nini cha kumwandikia mtoa huduma

Barua isemayo kwamba intaneti iko taratibu itajibiwa kwa ushauri wa kuzima na kuwasha ruta. Andika anwani ya IP unakotoka na unakokwenda, saa za vipimo, traceroute za pande zote mbili, na hoja moja: seva ipo kilomita kadhaa kutoka hapa na jibu linachukua milisekunde 160. Omba trafiki hiyo ipitie kituo cha ndani, na taja tangazo lililokosekana ikiwa umeligundua.

Mtoa huduma mkubwa anaweza kukataa kuungana na mdogo, akitaka mdogo awe mteja wake. Hoja hiyo ninaielewa lakini siikubali, kwa sababu mkubwa naye analipa dola kwa kila pakiti ya wateja wake inayozunguka Ulaya. Utafiti ulioagizwa na Internet Society, shirika la kimataifa la kukuza intaneti, na kuchapishwa mwaka 2012 ulikuta kwamba KIXP ilikuwa imeshusha muda wa kwenda na kurudi kutoka milisekunde kati ya 200 na 600 hadi kati ya 2 na 10, na kuwaokolea watoa huduma wa Kenya karibu dola milioni 1.5 kwa mwaka. Utafiti wa kufuatilia wa mwaka 2020 ulionyesha kwamba sehemu ya trafiki inayopatikana ndani ya Kenya ilikuwa imepanda kutoka asilimia 30 hadi asilimia 70. Makampuni makubwa ya maudhui yalisogeza seva zao Nairobi kwa kuwa palikuwa na mahali pamoja pa kuwafikia watumiaji wengi.

Ikiwa unayemtafuta yupo ng'ambo ya mpaka, kituo cha taifa hakitoshi. Goma na Rubavu zimepakana kiasi kwamba watu huvuka kwa miguu, lakini mitandao ya pande mbili isiyokutana popote katika ukanda huu itakutana Ulaya. Hapo uliza mtoa huduma wako kama anafika kituo cha nchi jirani, kwa fiba yake au ya kukodi.

Marekebisho yakishafanyika, rudia vipimo vyote kwa saa zilezile za mwanzo, na ufanye hivyo mara mbili: kwa IPv4, mfumo wa zamani wa anwani, na kwa IPv6, ule mpya. Mhandisi anayerekebisha matangazo ya IPv4 kituoni husahau mara nyingi kwamba IPv6 ina kikao chake cha BGP, na kwa kuwa kompyuta nyingi hupendelea IPv6 inapokuwepo, wateja wako wataendelea kupitia London huku vipimo vyako vya IPv4 vikionyesha milisekunde 2.